Pipi Iliyorithi Jina la Dawa

Kila Jumatano na Jumamosi wakulima wa miteremko ya Mlima Meru hukusanyika katika soko la Tengeru, mashariki ya mji wa Arusha. Baina ya mikungu ya ndizi na magunia ya maharage huonekana mafungu ya bamia na ya mlenda. Kilomita chache kutoka hapo, katika maduka makubwa ya mjini, huuzwa mifuko ya pipi nyeupe na za rangi ya waridi, laini kama pamba, ziitwazo mashimelo. Mnunuzi wa bamia na mnunuzi wa mashimelo hawana sababu ya kudhani kuwa bidhaa zao zina uhusiano wowote. Hata hivyo uhusiano upo. Jina la pipi hiyo ni jina la mmea ulio ndugu wa bamia na wa mlenda, na mmea huo umetumika kwa zaidi ya miaka elfu mbili kuwa dawa ya koo na ya kikohozi.

Jambo la kushangaza ni kwamba ndani ya mfuko wa pipi hizo za kiwandani hamna chembe yoyote ya mmea wenyewe. Dawa iligeuka kuwa pipi, kisha pipi ikaiacha dawa nje na kubaki na jina lake tu. Habari ya mageuzi hayo inafaa kuchunguzwa darasani, kwa sababu inagusa botania, kemia na fizikia kwa pamoja. Aidha inagusa jambo lililo karibu zaidi na kila nyumba, yaani mtoto anayekohoa usiku, na kile ambacho mzazi wake humpa.

Mmea wa vinamasini

Mmea unaozungumzwa ni wa kudumu, wenye shina la kimo cha mita moja hadi mbili, majani yenye vinyweleo laini mfano wa mahameli, na maua meupe yenye wekundu hafifu. Asili yake ni Ulaya, Asia ya Magharibi na Afrika ya Kaskazini. Hupenda ardhi yenye majimaji, hasa vinamasi vya karibu na bahari ambamo maji yana chumvichumvi, na Waingereza waliupa jina kwa kufuata makazi yake hayo. Waarabu huuita khitmi. Kwa kuwa Kiswahili hakina jina lake lililozoeleka, makala haya yatatumia jina hilo la Kiarabu kwa mmea, na neno mashimelo litabaki kwa pipi.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden aliuorodhesha mmea huu kwa jina la kisayansi la Althaea officinalis. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuponya, na sehemu ya pili huonyesha kuwa mmea ulikuwa miongoni mwa ile iliyowekwa katika ghala za dawa. Sifa hiyo ilikuwa ya zamani sana hata wakati huo. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika kabla ya Kristo kuwa mzizi wa khitmi hunywewa katika divai tamu kwa ajili ya kikohozi. Dioscorides, tabibu wa karne ya 1, aliueleza katika kitabu chake cha dawa, na Ibn Sina (980–1037) naye aliutaja katika kitabu chake kikuu cha tiba. Yafaa izingatiwe kwamba katika habari ya Theophrastus dawa na utamu tayari vimo katika kikombe kimoja.

Ukoo wa bamia chini ya Mlima Meru

Khitmi haumo katika uoto wa asili wa Mlima Meru. Hata hivyo ukoo wake, uitwao Malvaceae, umeenea kila mahali katika Tanzania. Bamia, pamba na choya ni wa ukoo huo. Kadhalika mfagio, yaani magugu ya jenasi Sida yaotayo kando ya njia, na vichaka vya Pavonia vyenye vinyweleo viwashavyo, ambavyo huota pembezoni mwa misitu ya milima ya Afrika ya Mashariki.

Mwalimu anayetumia kitabu cha zamani atakuta kuwa mbuyu, mlenda na kakao vimewekwa katika koo tatu zilizo mbali na bamia. Mpangilio huo umebadilika. Mwaka 1998 wataalamu wa mimea walichapisha uainishaji mpya uliotegemea kwa kiasi kikubwa uchunguzi wa chembe za urithi, na koo hizo zote ziliunganishwa na kuwa ukoo mmoja wa Malvaceae. Hivyo mbuyu mkubwa wa mbuga ya Tarangire, kusini magharibi ya Arusha, ni jamaa wa bamia lililo katika bustani ya shule.

Mwanafunzi anaweza kujionea alama za ukoo huo kwa kulichunguza ua la bamia. Petali zake ni tano. Stameni hazikusimama mbalimbali, bali nyuzi zake zimeungana na kuwa mrija mmoja unaozunguka shingo ya pistili. Gome la mimea mingi ya ukoo huu lina nyuzi ndefu zifaazo kwa kamba, na katika majani, matunda au mizizi yake mna seli zilizojaa ute.

Neno mlenda lenyewe linatoa funzo. Katika Tanzania halitaji mmea mmoja, bali mboga za majani zenye utelezi. Mlenda wa jenasi Corchorus ni wa ukoo wa bamia, lakini mlenda mwingine uliwao katika mikoa ya kati ni wa ukoo wa ufuta. Mpishi haoni tofauti kubwa, kwa kuwa vyote huteleza. Mtafiti wa dawa hana budi kuiona tofauti hiyo, kwa kuwa majina ya sokoni hufuata matumizi ya mmea na wala hayafuati nasaba yake.

Arusha ina bahati ya kuwa na mahali pa kusuluhishia mambo ya aina hiyo. Huko Ngaramtoni, kando ya barabara iendayo Namanga, ipo Hebaria ya Taifa, yaani hifadhi ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa, kubanwa na kuandikwa jina, mahali ilipochumwa na tarehe. Hebaria hiyo iliwekwa kisheria mwaka 1979 chini ya taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwapo hapo, na kufuatana na sheria ya mwaka 2020 imo chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Upande wa pili wa mji, karibu na Tengeru, kipo kituo cha Afrika cha shirika la kimataifa la utafiti wa mboga, kilichoanzishwa mwaka 1992. Hapo huhifadhiwa na kuchunguzwa mbegu za mboga za asili za Afrika, zikiwamo za bamia na mlenda.

Ute na kazi yake

Kwa Kiswahili, weupe wa yai huitwa ute, na majimaji mazito yavutikayo ya bamia nayo huitwa ute. Lugha imeviweka pamoja kwa kuwa vyote hunata na kuteleza. Kwa kemia, hata hivyo, ni vitu viwili tofauti. Ute wa yai ni protini iliyoyeyuka katika maji. Ute wa bamia, wa mlenda na wa khitmi kwa sehemu kubwa ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya molekuli za sukari zilizoungana, ambamo zimo ramnosi, galaktosi na asidi ya galakturoni. Minyororo hiyo ina vikundi vingi vya hidroksili ambavyo huvuta na kushika molekuli za maji. Kwa hiyo kiasi kidogo cha ute hutosha kuyafanya maji mengi yawe mazito. Kwa mmea wenyewe, ute ni mojawapo ya njia za kuweka akiba ya maji.

Mizizi ya khitmi ina ute, wanga, pektini na sukari. Watengenezaji wa dawa walijua tangu zamani kuwa mizizi hiyo hailowekwi katika maji ya moto, bali katika maji baridi kwa muda wa saa kadhaa. Sababu yake ni rahisi. Ute huyeyuka vema katika maji baridi, na wanga hubaki katika seli zake. Maji yakichemka, wanga nao huvimba na kuingia katika dawa, na kinachopatikana ni uji badala ya ute.

Ute ukipita kooni huacha utando mwembamba juu ya ngozi laini ya ndani. Koo lililokwaruzwa na mafua au vumbi huwa na miisho ya neva iliyo wazi kwa kila kichocheo, na hapo ndipo kikohozi kikavu kisicho na makohozi hujirudiarudia. Utando wa ute huikinga ngozi hiyo kwa muda, na hamu ya kukohoa hupungua. Yafaa ieleweke kwamba kinachomezwa hupita katika umio kwenda tumboni, wala hakiingii katika mapafu. Ute hufanya kazi pale tu unapogusa.

Sayansi ya leo haijaitupa dawa hiyo ya kale, wala haijaipa sifa kupita kiasi. Mwaka 2016 kamati ya dawa za mitishamba ya Shirika la Dawa la Ulaya ilipitia upya habari za mzizi wa khitmi. Ilikubali utumike kutuliza mwasho wa kinywa na koo pamoja na kikohozi kikavu kiambatanacho nao, na pia maumivu madogo ya tumbo. Kukubaliwa huko kulitokana na matumizi ya muda mrefu yasiyo na madhara makubwa, na si na majaribio ya kutosha ya kulinganisha wagonjwa. Kamati ilitahadharisha pia kuwa ute waweza kuchelewesha kufyonzwa kwa dawa nyingine zinazomezwa wakati huohuo. Kwa hiyo inafaa kuacha nafasi ya nusu saa hadi saa moja kati ya dawa hizo na ute.

Jinsi mmea ulivyoondoka katika pipi

Dawa isiyo tamu huwashinda watoto. Wauza dawa wa Ulaya, hasa wa Ufaransa, waliupika ute wa mizizi ya khitmi pamoja na sukari, wakaongeza ute wa yai uliopigwa mpaka ukaumuka, na kupata kinyunga cheupe na chepesi cha kumung'unywa. Hapo ute wa mmea na ute wa yai, vilivyokutana katika neno moja la Kiswahili, vilikutana katika sufuria moja. Kinyunga hicho kiliuzwa kwa wenye koo bovu, lakini methali inasema kuwa mchovya asali hachovyi mara moja. Wateja wasio na ugonjwa wowote wakaanza kukinunua kwa utamu wake.

Mahitaji yalipokua, mmea ukawa kikwazo. Mizizi ilipaswa kuchimbwa, kumenywa, kukaushwa na kulowekwa, na kiasi cha ute ndani yake hubadilika kwa majira ya mwaka. Hata katika Ufaransa kwenyewe, wapishi wa pipi katika karne ya 19 walikuwa wameanza kukitengeneza kinyunga hicho bila mzizi wowote, kwa kutumia gundi ya miti, sukari na ute wa yai. Baadaye jelatini ilichukua nafasi. Katika miaka ya 1950 kiwanda kimoja cha Marekani kilianza kuusukuma mchanganyiko kupitia mirija mirefu, na kisha kuukatakata vipande. Kazi iliyochukua saa nyingi ikawa ya muda mfupi, na mashimelo yakawa kitamutamu cha bei nafuu.

Mashimelo ya leo hutengenezwa kwa sukari, maji ya sukari ya mahindi, jelatini, maji, manukato na hewa. Sukari huchemshwa, jelatini huongezwa, na mchanganyiko hupigwa mpaka hewa ijigawe katika viputo vidogo visivyohesabika. Unapopoa, jelatini huganda na kuvifunga viputo hivyo mahali pake. Jelatini huyeyuka katika joto lililo karibu na lile la mwili wa binadamu, ndiyo maana pipi hiyo hulainika na kutoweka mdomoni.

Jelatini ni protini. Hupatikana kwa kuchemsha kolajeni iliyo katika ngozi na mifupa ya wanyama, hasa nguruwe na ng'ombe. Katika mji kama Arusha, ambao wakazi wake ni wa dini mbalimbali, habari hiyo si ndogo. Mzazi Mwislamu, au mtu yeyote asiyekula nyama, anayesikia kuwa pipi hiyo inatokana na mmea wa dawa, anaweza kuwanunulia watoto wake kitu ambacho asingekikubali kama angeyasoma maandishi madogo ya nyuma ya mfuko. Vipo viwanda vinavyotumia jelatini ya ng'ombe waliochinjwa kihalali, au ya samaki. Vipo pia vinavyotumia karajinani, ambayo ni polisakaridi ya mwani. Mwani wa aina zinazotoa karajinani umelimwa kibiashara Zanzibar tangu mwaka 1989. Hivyo Tanzania, ingawa haioteshi khitmi, huzalisha mali ghafi ya kugandishia pipi kwa njia ya mmea wa baharini.

Ubuyu, kitamutamu kilichobaki na mmea wake

Nje ya malango ya shule nyingi za Tanzania huuzwa kitamutamu kingine cha ukoo wa bamia, nacho ni ubuyu. Tunda la mbuyu lina mbegu zilizofunikwa na unga mkavu wenye uchachu. Wapishi huzichemsha mbegu hizo katika maji ya sukari pamoja na rangi na viungo kama iliki, mpaka zipate ganda jekundu. Mtoto humung'unya, kisha hutema mbegu.

Tofauti na mashimelo ni dhahiri. Katika ubuyu mmea haujaondoka. Unga wa mbuyu una vitamini C nyingi, ambayo kwa uzito ulio sawa hulizidi chungwa, na una pektini nyingi vilevile. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga huo uuzwe katika nchi zake kuwa chakula kipya, ingawa kwa watu wa Afrika haukuwa na upya wowote.

Hata hivyo haifai kuugeuza ubuyu wa rangi kuwa dawa. Vitamini C huharibika kwa kuchemshwa, sukari inayoongezwa ni nyingi, na rangi inayotiwa na mtu asiye na kipimo huenda isiwe ile iliyoruhusiwa kwa chakula. Unga mkavu wa mbuyu uliokorogwa katika maji safi ni chakula. Mbegu zilizovishwa sukari na rangi ni pipi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kuwa sukari inayoongezwa katika vyakula isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na pipi za aina zote zimo katika hesabu hiyo.

Katika Mkoa wa Arusha suala la meno lina uzito wa pekee. Miamba ya volkano ya Mlima Meru imeyajaza maji ya visima na mito mingi madini ya floridi, kupita miligramu 1.5 kwa lita ambayo ni kiwango cha juu kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi nyingi huwatia watoto madoa ya kahawia katika meno yanayokua, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Hapa hata mlenda unahitaji tahadhari. Wapishi wengi huongeza magadi ili mboga ilainike upesi na utelezi uzidi. Magadi ya Bonde la Ufa nayo yana floridi, na kuchemsha hakuiondoi. Mboga yenyewe ni njema. Kinachofaa kupunguzwa ni magadi.

Kulainisha si kuponya

Kutokana na habari hizo linazuka swali lililo muhimu kuliko yote. Mtoto akikohoa, apewe nini?

Kwa kikohozi cha mafua ya kawaida, Shirika la Afya Duniani hushauri koo la mtoto litulizwe kwa vinywaji salama vya nyumbani. Kinywaji cha uvuguvugu, au asali kidogo kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, hutosha. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe, na mtoto mdogo asipewe mashimelo, kwa kuwa kipande laini kinachonata chaweza kuziba njia ya hewa. Mtu mzima akimung'unya pipi yoyote, mate huongezeka na koo huona nafuu kwa dakika chache. Nafuu hiyo haitokani na mmea ambao haumo.

Lakini kikohozi chaweza pia kuwa dalili ya nimonia, na hapo utelezi wa aina yoyote hausaidii, kwa kuwa ugonjwa umo ndani ya mapafu ambamo ute haufiki. Njia ya kutambua haihitaji chombo chochote ila saa. Mtoto akiwa ametulia, pumzi zake zihesabiwe kwa dakika moja kamili. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi kupita kiasi. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, hesabu hiyo ni 40 au zaidi. Pumzi zikifikia idadi hiyo, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea anapovuta hewa, au mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye dalili yoyote ya ugonjwa wa kifua apelekwe bila kungojea hesabu. Kila saa inayopotea kwa kumnywesha dawa ya kulainisha koo ni saa iliyotolewa kwa ugonjwa.

Lipo pia kosa la upande wa pili, ambalo ni kudhani kuwa mmea ulio ndugu wa dawa lazima nao uwe dawa. Bamia na mlenda vina ute unaofanana na wa khitmi, lakini mfanano huo pekee hauthibitishi kuwa vyatibu kikohozi, wala hauonyeshi kipimo. Pamba ni wa ukoo huohuo, na mbegu zake mbichi zina sumu iitwayo gosipoli, ambayo hudhuru binadamu, nguruwe na kuku. Undugu wa mimea huwaonyesha watafiti mahali pa kuanzia kutafuta. Jibu lenyewe hutoka katika majaribio.

Tanzania haikupuuza kazi hiyo. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974 na baadaye kikawa taasisi kamili, na mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Wakulima wa Meru wana maarifa mengi ya mimea, na maarifa hayo yanastahili kuandikwa pamoja na kielelezo cha mmea wenyewe. Unga uliokwisha kusagwa hauna jani wala ua, na si rahisi kwa jicho kuutambua.

Majaribio kwa darasa

La kwanza ni la ute. Bamia tano zikatwe vipande, zilowekwe katika maji baridi kwa saa mbili, kisha maji yachujwe kwa kitambaa safi. Bomba la sindano lisilo na sindano lijazwe maji ya kawaida, na muda wa kutoka kwake kwa uzito wake tu upimwe. Baadaye lijazwe maji ya bamia na kupimwa vivyo hivyo. Jaribio lirudiwe baada ya kuongeza matone ya maji ya limau katika maji ya bamia. Wanafunzi waeleze kwa nini wapishi huongeza limau au nyanya pale wasipotaka utelezi mwingi.

La pili ni la protini. Kipande cha mashimelo kiyeyushwe katika maji ya uvuguvugu. Chini ya uangalizi wa mwalimu, yaongezwe maji ya hidroksidi ya sodiamu, kisha matone machache ya maji ya salfeti ya shaba. Rangi ya zambarau itaonyesha kuwapo kwa protini, yaani jelatini. Tone la aidini juu ya kipande kingine kikavu laweza kutoa rangi ya bluu nyeusi, kwa kuwa viwanda vingi huzipaka pipi hizo unga wa wanga zisishikamane.

La tatu ni la gesi. Kipande kidogo cha mashimelo kiwekwe ndani ya bomba kubwa la sindano, mdomo wa bomba uzibwe kwa kidole, na mchi wake uvutwe. Kipande kitavimba, kwa sababu kanieneo la hewa inayokizunguka limepungua na hewa ya ndani ya viputo imetanuka, kama kanuni ya Boyle inavyoeleza. Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, ambapo kanieneo la hewa ni kama asilimia 85 ya lile la pwani. Kilele cha Meru, chenye zaidi ya mita 4,500, kina kama asilimia 57. Wanafunzi wakokotoe ni mara ngapi ujazo wa viputo ungeongezeka kama kipande hicho kingepelekwa kutoka mjini hadi kileleni bila joto kubadilika, kisha waeleze kwa nini uvimbe halisi ungekuwa mdogo kuliko hesabu yao.

Majaribio hayo matatu yatawaonyesha wanafunzi jambo moja, kuwa katika mashimelo mna sukari, protini, wanga na hewa, na kwamba ute wa mmea uliotoa jina haumo. Mwanafunzi aliyejionea hivyo atajua namna ya kukichunguza kitu chochote kinachouzwa kwa jina la dawa, kiwe katika mfuko wa dukani au katika fungu la mizizi sokoni Tengeru. Atauliza kwanza ndani yake mna nini. Kisha atauliza kilichomo hufanya kazi gani mwilini, na kazi hiyo huishia wapi.